Maneno Yaliyobaki Kwenye Simu

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amelala mahabusu usiku wa pili, na kila alipohojiwa alisema maneno yaleyale. Inspekta alikuwa amekaa na waongo kwa miaka kumi na minane. Alijua kwamba mwongo huipamba hadithi yake kadiri anavyoirudia. Huyu hakuwa ameongeza hata rangi ya mlango.

"Anza tena," alimwambia.

"Afande, kishikwambi kililia saa tano kasoro dakika kumi. Nikasoma. Kimeandika 'Jengo D', halafu mkato, halafu basi. Hakuna namba ya mlango, hakuna simu. Nikawasha king'ora nikaenda."

"Ulipofika?"

"Jengo D lina ngazi tatu na ghorofa nane. Nikagonga. Nikapiga simu ofisini waniulizie, nikawekewa muziki. Nikaendelea kugonga. Watu wote wako kazini saa hizo. Anayefungua anasema, si hapa."

"Dakika hamsini na mbili."

"Ndiyo, afande. Mikono hii hapa." Akaiweka juu ya meza. Viungo vya vidole vilikuwa vimechubuka.

Alikuwa peke yake kwenye gari. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imewafundisha madereva huduma ya kwanza ili isiajiri wauguzi, jambo ambalo meneja wake alilieleza redioni kama maendeleo. Na wakati dereva akigonga milango ya ngazi ya kwanza, mzee wa watu alikata roho kwenye ngazi ya tatu, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya binti yake.

Mkuu wa kituo alishasema asubuhi ile, mlangoni, koti bado liko mkononi: faili liende kwa mwendesha mashtaka saa kumi jioni. Kusababisha kifo kwa uzembe, na kuharibu ushahidi. Hilo la pili ndilo lililokuwa baya, kwa sababu lilimnyima mtu dhamana. Kampuni ilikuwa imeandika barua yenye mhuri, ikisema ombi lisilo na namba ya simu haliwezi kutumwa kabisa, kwa hiyo kama kishikwambi kilionyesha maneno mawili, basi dereva ndiye aliyeyafuta mengine ili afiche uzembe wake.

"Mama yangu anakuja na chakula kila mchana," dereva alisema alipokuwa anarudishwa ndani. "Mmwambie asipande ngazi za hapa mbele. Magoti yake mabovu."

Askari wenzake walimwita Inspekta Kupe, naye alijua na hakukasirika. Akishika kitu hakiachii. Jana yake alikuwa ameshika dakika nne ambazo gari la wagonjwa lilisimama kituo cha mafuta, akazifuata mpaka jioni, akidhani amempata mtu wake. Stakabadhi ikaonyesha kwamba dereva alijaza mafuta kabla ya ombi kuingia. Siku nzima ikapotea hivyo. Sasa alibakiwa na saa nane kabla faili halijaondoka.

*

Binti wa marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alimfungulia Inspekta mlango akiwa na khanga mabegani na uso uliokwisha kulia. Kwenye mlango, kwa rangi nyeupe, ilikuwa imepakwa #312. Milango yote ya mtaa ule ilikuwa na alama hiyo ya reli mbele ya namba. Fundi rangi aliyepewa kazi alikuwa na mtindo wake, na wakazi wakauzoea kiasi kwamba hata bahasha za barua waliandika vivyo hivyo.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa. Kaa."

Alitoa simu bila kuombwa. Ukurasa ulikuwa bado wazi. Hakuwa na moyo wa kuufunga. Katikati paliandikwa *Ombi lako limepokelewa*. Juu, kwenye mstari mwembamba wa anwani ya wavuti, Inspekta alivuta kwa kidole na kusoma polepole: *Jengo D, #312, ngazi ya tatu, baba hapumui vizuri, njooni haraka*, kisha namba ya simu. Kila kitu kilikuwepo. Akapiga picha. Hapo dereva alizidi kuzama.

"Uliandika mwenyewe?"

"Kwa mkono mmoja. Mwingine alikuwa ameushika." Mwalimu akanyoosha khanga. "Fomu yao ina kisanduku kimoja tu. Uko wapi, nini kimetokea, simu yako, yote humohumo."

"Gari uliliona?"

"Nililisikia. King'ora kilikuja mpaka hapa chini, kikazimwa. Nikamwambia baba, wamefika. Nikawa namwambia hivyo, wamefika, wanapanda. Nikapiga simu kwao nione kimewachelewesha nini. Nikawekewa muziki."

Inspekta aliacha kuandika. Hawa wawili, mmoja juu na mmoja chini, walikuwa wamesikiliza muziki uleule kwa wakati uleule.

"Mmemfungia?" Mwalimu aliuliza.

"Yuko ndani."

"Vizuri. Asitoke."

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye zulia la kijivu na mashine ya kahawa iliyokuwa na karatasi ya *mbovu*. Meneja alimpokea kwa tabasamu la mtu mwenye barua yenye mhuri. Alimwita fundi wa programu, kijana wa makamo mwenye lenzi nene, ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani na ambaye alionekana hajapumzika tangu juzi.

"Nataka kuona kilichofika kwenye seva," Inspekta alisema. "Si kwenye kishikwambi. Kwenye seva."

Miwani alifungua. Mistari mirefu ya saa na maneno. Akashuka hadi juzi, saa tano kasoro dakika kumi. *Jengo D,* na baada ya mkato, hewa tupu.

"Unaona?" meneja akasema. "Alifuta."

"Dereva anaweza kufuta kitu humu?"

Miwani akamtazama meneja kwanza. "Hawezi, mama. Kishikwambi kinasoma tu. Hata mimi nikigusa mstari huu, inaandikwa kwamba nimegusa."

"Umeguswa?"

"Haujaguswa."

Meneja alikunja mikono. Inspekta alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, akahesabu kwa vidole kama anavyofanya nyumbani akigawa kazi kwa watoto. Kwenye simu ya mwalimu maneno yapo yote. Kwenye seva yapo mawili. Dereva alipata mawili kwa sababu seva ilikuwa na mawili. Kwa hiyo maneno mengine yalipotelea kabla dereva hajahusika.

"Sasa tutume ombi," alisema. "Mimi mwenyewe."

Alitoa simu yake, akafungua fomu, akaandika: Jengo A, namba 5, jaribio, na simu yake. Sekunde mbili, mstari ukatokea kwenye kioo cha Miwani, mzima. Meneja akacheka kidogo puani.

Inspekta akafuta. Safari hii alifungua ile picha ya simu ya mwalimu na kunakili neno kwa neno, alama kwa alama. Akampa Miwani simu yake ya pili. "Rekodi. Kioo changu na chako pamoja." Akabonyeza.

Mstari ukatokea. *Jengo D,*

Miwani alisogeza uso karibu na kioo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na mstari ulikuwa palepale.

"Niambie kama unamwambia mama yako," Inspekta alisema.

"Ni ile alama ya reli, mama. Anwani ya wavuti si sentensi ya kawaida. Humo kuna alama zenye kazi. Hii kazi yake ni kuiambia simu kwamba kuanzia hapa ni mambo yako mwenyewe, usiyatume. Simu ikatii. Maneno ya yule dada hayakupotea njiani. Hayakutoka kwenye simu yake kabisa."

"Na mtu akitaka kuiandika?"

"Inafungwa. Inageuzwa %23: alama ya asilimia, mbili, tatu. Inasafiri hivyo, ikifika huku inafunguliwa inarudi kuwa yenyewe. Nafasi kati ya maneno nayo hivyohivyo, na nyingine nyingi. Mimi siiandiki kazi hiyo. Kuna maktaba."

"Maktaba gani tena?"

"Ya programu. Kuna mtu alikaa akaiandika vizuri, akaiweka bure, na sisi wote tunaichukua."

"Jina lake?"

"Simjui. Ana picha ya paka."

Inspekta alikuwa ameshatafuta wauaji kwa alama za viatu na kwa harufu ya manukato, lakini hajawahi kumtafuta paka. Hata hivyo aliinama. "Nionyeshe alichoandika paka."

Maelezo ya maktaba yalikuwa mafupi na ya adabu. Kulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza hufunga anwani nzima, na kwa sababu hiyo huziacha alama zenye kazi jinsi zilivyo. Ya pili hufunga kipande kimoja, na haiachi kitu. Chini yake, kwa herufi nzito: *Maneno yaliyoandikwa na watu yafungwe kwa ya pili. Daima.* Onyo hilo lilikuwa na umri wa miaka sita. Mwenye paka hakuwa na kosa lolote.

"Ninyi mnatumia ipi?"

"Ya kwanza."

"Tangu mwanzo?"

Miwani akashusha sauti. "Mwanzo nilitumia ya pili. Nikabadilisha miezi mitatu iliyopita."

"Kwa nini?"

Miwani aligeukia kompyuta. Alifungua mazungumzo ya ofisi, akapanda juu mpaka kwenye ujumbe wa meneja: *Anwani zetu zimejaa maasilimia, zinatia aibu mbele ya wateja. Ondoa uchafu huo leo.* Na chini yake jibu la Miwani: *Sawa bosi.* Alikuwa amejaribu kwa maneno yenye nafasi na nukta na mikato, yote yakapita, akaenda nyumbani. Hakuishi kwenye mtaa wenye milango ya alama ya reli.

Inspekta aligeuka kumtazama meneja. Hakuwepo. Kupitia kioo cha ukumbini alionekana akitembea huku na huko na simu sikioni.

"Haraka," Inspekta alisema. "Wangapi kwa siku wanaandika alama hiyo?"

Miwani alitafuta mistari iliyokatika. "Watatu. Siku nyingine wanne. Wengi wanapiga tena, wanapatikana. Leo asubuhi... mmoja, alirudia bila alama." Akaweka vidole kwenye kibodi. "Mama, nirekebishe? Ni neno moja tu. Narudisha ile ya pili."

Inspekta aliendelea kutazama kioo, na Miwani alidhani hajasikia.

Alikuwa amesikia vizuri sana. Kitu cha kwanza ambacho askari yeyote hufundishwa ni kutogusa eneo la tukio, na eneo la tukio lilikuwa hilo neno moja. Mtaalamu wa makao makuu alipaswa kulikuta lilivyo, kulijaribu kwa mkono wake mwenyewe na kusaini. Mtaalamu angekuja kesho, akipata gari. Na kati ya sasa na kesho kulikuwa na watu watatu, pengine wanne.

"Nakala ya programu ilivyo sasa unaweza kunipa?"

"Naiweka kwenye flashi, dakika moja."

"Weka. Halafu rekebisha."

Vidole vya Miwani vilianza na lile la kurekebisha, kwa sababu ndilo lililomuuma. Saa sita na dakika kumi alibonyeza, wakajaribu tena maneno ya mwalimu, na mstari ukaja mzima, #312 na ngazi ya tatu na namba ya simu. Miwani akaanza kulia kimyakimya huku anatafuta flashi kwenye droo.

Kabla hajaipata, mstari mwingine ukaingia, na huu haukuwa jaribio. *Jengo F, #108, mke wangu uchungu umemkaza na damu inatoka*, kisha simu. Wote wawili waliusoma mara mbili. Upande wa pili wa chumba dada wa zamu alikuwa tayari anapiga kelele kwenye redio, akitaja mlango.

Meneja alirudi, simu ameinyoosha mbele. "Mwanasheria wetu yuko hewani. Anasema kijana asitoe kauli yoyote. Na kitu chochote cha kampuni hakitoki humu bila amri ya mahakama." Akaichukua flashi mkononi mwa Miwani, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeonekana, tupu bado, akaitia mfukoni.

"Umesikia alichosema kijana wako," Inspekta alisema.

"Mimi nilikuwa nje, mama. Sijasikia kitu."

Inspekta alikaa pale saa nzima akibembeleza, kisha akitisha, kisha akibembeleza tena. Miwani alikodoa macho kwenye zulia. Ana watoto wawili, alinong'ona, na mkopo wa nyumba. Akaomba msamaha mara tano, na kauli hakutoa.

*

Mkuu wa kituo aliitazama rekodi hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya; hilo ndilo lililomkera Inspekta zaidi. Mtu mbaya angeweza kumgombeza.

"Hii ni simu inapiga picha kioo," alisema. "Wakili wa kampuni atauliza nani alikuwa nyuma ya kioo."

"Fundi wao mwenyewe."

"Aliyekataa kutoa kauli." Mkuu alifungua fomu ya kampuni kwenye simu yake. "Niambie niandike nini."

Inspekta alijua kinachofuata, lakini alimtajia. Jengo D, alama ya reli, mia tatu kumi na mbili. Mkuu alibonyeza, kisha akapiga namba ya meneja, akaweka sauti ya juu.

"Limefika, mkuu," meneja alisema kwa furaha. "Lote. Nikusomee?"

Mkuu alikata simu bila kuaga. Akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Ungeniita," alimwambia. "Ungeniacha nije nione kwa macho yangu, kabla hamjaigusa."

"Ulikuwa kikaoni mpaka saa tisa, mkuu."

"Ungeningoja."

"Watu wanaandika hiyo alama kila siku. Saa sita na dakika kumi na tano mume wa mwanamke anayevuja damu ameiandika. Ningekungoja?"

Mkuu alisugua kipaji cha uso kwa kiganja. "Ulichofanya ni sahihi. Na ushahidi umeuua kwa mkono wako. Yote mawili ni kweli, sasa mimi nifanye nini? Nikishikilia faili, kesho redioni ni kwamba polisi wanamlinda dereva. Omba amri ya mahakama tupate nakala za zamani. Nitaisaini sasa hivi."

"Inachukua muda gani?"

"Wiki mbili. Tatu, wakipinga."

"Na yeye?"

"Rumande. Shtaka la ushahidi halina dhamana, unajua." Akasogeza faili upande wake wa meza. "Ripoti yako iweke ndani. Iweke juu kabisa, wakifungua waione."

Inspekta aliandika ripoti kurasa tatu. Aliandika alama ya reli, akaandika kufungwa na kufunguliwa, akaandika maktaba na kazi zake mbili, na alipoisoma aliona kwamba hakimu yeyote aliyechoka angeiruka. Akaibana juu kabisa. Saa kumi kasoro dakika tano karani alilichukua faili, akaligeuza kulipanga na mengine, na ripoti ikawa chini.

*

Gari la rumande lilikuwa limewashwa uani. Dereva alitolewa akiwa na pingu mbele na mfuko wa plastiki wenye bakuli la mama yake. Inspekta aliwaomba askari dakika moja, wakampa, wakasogea kivulini.

Alimweleza yote, kwa kifupi, bila kupunguza. Dereva alisikiliza kwa umakini wa mtu anayeelekezwa njia.

"Kwa hiyo sikufuta," alisema.

"Hukufuta. Hukuletewa."

"Na ninyi mnajua."

"Tunajua."

"Na bado napanda gari hili."

"Bado unapanda." Inspekta alitaka kutazama pembeni, akajizuia. "Nimeomba amri. Wiki mbili, labda tatu. Nitaifuata kila siku, nakuahidi. Siwezi zaidi ya hapo."

Dereva alihamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, pingu zikalia. "Si mngeiacha tu mpaka saa kumi, afande? Saa nne tu. Bosi wenu aje aone, halafu mrekebishe."

 Inspekta alimwambia kuhusu Jengo F, mlango mia moja na nane, mwanamke mjamzito na damu. Ombi liliingia dakika tano baada ya kurekebisha. Mama na mtoto wako hospitali, wazima wote wawili.

Askari mmoja alifungua mlango wa nyuma. Dereva aliweka mguu kwenye kipandio, akasimama.

"Gari lilifika kwa dakika ngapi?"

"Tisa."

Alifikiri, na kwa mara ya kwanza tangu juzi uso wake ukawa na hasira.

"Kutoka kituo chetu cha magari mpaka Jengo F?" alisema. "Mimi ningefika kwa saba."

Akaingia ndani, na mlango ukafungwa.